Kitulo ina msimu wa pili, nao ni wa nyota

Wageni wengi wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo huja kati ya Desemba na Aprili. Mvua zinanyesha, okidi zinachanua, wao wanapiga picha za maua na kushuka zao. Hawana kosa. Maua hayo ndiyo yaliyoupa uwanda jina la Bustani ya Mungu, na kwa ajili ya maua hayo hasa eneo likatangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005. Lakini Juni ikifika mvua zimekatika, nyasi zimekauka, na uwanda wenye mwinuko wa takribani meta 2,600 unabaki kwa askari wa hifadhi na upepo. Wageni wameondoka wakati uleule ambao anga la Kitulo linaanza kufunguka usiku.

Naamini sisi wa Kyela, Rungwe na Makete tumekalia hazina tusiyoigusa. Wapo watu wanaovuka bahari kwenda Chile au Hawaii ili walale usiku mmoja mahali pa juu, penye giza, watazame nyota. Kijana wa Ipinda anaweza kufika mahali pa namna hiyo kwa safari ya siku moja, bila kuvuka mpaka wa nchi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia.

Ipinda yenyewe iko tambarare, kwenye nchi ya mpunga na kokoa, juu kidogo tu ya Ziwa Nyasa ambalo maji yake yako kiasi cha meta 475 kutoka usawa wa bahari. Mashariki imesimama Safu ya Livingstone, kaskazini Mlima Rungwe, na nyuma ya miinuko hiyo ndiko Kitulo iliko. Kwa mwendo wa ndege hazifiki kilomita 60, lakini katika umbali huo mdogo ardhi inapanda zaidi ya kilomita mbili kwenda juu. Joto nalo linashuka kwa zaidi ya nyuzi kumi. Mtu aliyeondoka Ipinda na shati la mikono mifupi anahitaji kabuti kabla jua halijazama.

Nyota zipo Ipinda pia, tena nyingi, ila unazitazama kupitia hewa nzito. Mvuke wa ziwa, moshi wa mabua yanayochomwa baada ya mavuno, vumbi la barabarani, vyote viko kati ya jicho na anga. Karibu na upeo wa macho nyota hupotea kabla hazijazama. Tena hewa hiyo haitulii. Ardhi iliyopata joto mchana hulirudisha usiku, na mikondo ya hewa ya moto na baridi inapopishana hupindapinda mwanga, ndiyo sababu nyota humetameta. Kumetameta huko kunapendeza kwa mtu aliyekaa barazani, lakini kwa mwenye darubini ni adha, maana sayari anayotaka kuiona kama duara safi inachezacheza kama jiwe lililo chini ya maji ya mto.

Ukipanda Kitulo unaacha chini karibu robo ya uzito wa hewa iliyokuwa juu ya kichwa chako ulipokuwa Ipinda. Mvuke unapungua kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya mvuke wa angani hukaa katika kilomita mbili za chini. Hesabu hiyo ndiyo iliyowapandisha wanasayansi milimani. Paranal, nchini Chile, penye baadhi ya darubini kubwa kuliko zote zinazofanya kazi duniani, iko meta 2,635, yaani karibu sawa na Kitulo. Mauna Kea ya Hawaii inakaribia meta 4,200. Hapa Afrika, Waethiopia wana kituo cha Entoto juu ya Addis Ababa, kwenye meta 3,200 hivi, chenye darubini mbili za kioo cha meta moja kila moja. Afrika Kusini wana Sutherland, na huko iko SALT, darubini kubwa kuliko zote za mwanga wa kawaida kusini mwa ikweta, iliyozinduliwa mwaka 2005. Namibia wana darubini za H.E.S.S. kwenye nyanda za juu. Tanzania hatuna kituo kikubwa cha utafiti cha aina hiyo.

Sisemi kwamba Kitulo ijengwe Paranal ya pili. Paranal iko katika jangwa la Atacama, mojawapo ya sehemu kavu kuliko zote duniani. Kitulo ni chanzo cha maji, vijito vyake vinakwenda kuulisha Mto Ruaha Mkuu, na ukungu ukitaka kukaa juu ya uwanda unakaa siku nzima. Mtaalamu anayetafuta usiku 300 usio na mawingu kwa mwaka hatakuja huku. Ninachokitetea ni kidogo zaidi na kinawezekana mapema: mahali pa kutazamia nyota kwa ajili ya watu wa kawaida na wanafunzi, patakapofanya kazi miezi ya kiangazi tu, kuanzia Juni hadi Septemba, wakati hifadhi haina wageni wengi na vitanda vya nyumba za wageni viko wazi. Maua yawe na msimu wake na nyota ziwe na wake.

Nilipanda huko mwezi wa Julai pamoja na mwalimu wa sayansi wa huku kwetu, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiwafundisha vijana mfumo wa jua kwa chaki ubaoni, na mzee mmoja wa Ipinda aliyekuwa akiendesha gari. Tulishika njia ya Masoko, penye ziwa la kreta lililo kimya katikati ya migomba, tukatokea Tukuyu, tukaendelea kupanda katikati ya mashamba ya chai hadi Isyonje. Hapo Isyonje viroba vya viazi vimepangwa kandokando ya lami, na hapo ndipo unapoiacha barabara kuu ya Mbeya na kukamata njia ya kwenda juu. Wanaotokea upande wa Makambako au Mbarali hupandia Chimala, barabara ya Hamsini na Saba, iliyopewa jina hilo kwa sababu ya idadi ya kona zake hadi kukaribia Matamba. Iko njia ya tatu, ya miguu, inayoshuka kutoka Kitulo kukatiza Safu ya Livingstone hadi Matema. Hiyo ni ya wenye magoti imara na mtu wa kuwaongoza.

Tulifika alasiri. Uwanda ni mkubwa na hauna miti ya kuzuia macho, na hilo kwa mtazama nyota lina thamani kama ya mwinuko wenyewe, kwa kuwa upeo uko wazi pande zote. Askari wa hifadhi aliyekuwa zamu alitueleza utaratibu. Usiku hakuna kutangatanga hovyo. Mahali pa kukaa panachaguliwa mchana, karibu na makazi, na mtu wa hifadhi anakuwepo. Ni utaratibu wa busara, na unaonyesha kwamba jambo hili linaweza kuendeshwa bila kuvunja kanuni yoyote.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuazima. Mwalimu alikuwa na darubini ya macho mawili, yenye nguvu ya kukuza mara kumi na vioo vya milimita 50, ile ambayo watu wa safari za wanyama huitumia. Tochi yake aliifunga karatasi nyekundu ya nailoni kwa mpira wa kufungia noti. Mwanga mwekundu hauliharibu jicho lililokwisha kuzoea giza, wakati mwanga mweupe wa simu, hata wa sekunde mbili, unakurudisha mwanzo. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo liwe na uwezo wake wote. Kwa hiyo tulizima simu, tukajifunika mablanketi, tukangoja, na mwalimu akawa anatusomea karatasi ya manila aliyochora mwenyewe, yenye ramani ya anga la kusini kwa mwezi wa Julai, nyota kubwa kwa wino mzito na ndogo kwa nukta za penseli.

Kufikia saa mbili usiku giza lilikuwa limekamilika. Kusini, mbele yetu kabisa, zilikuwa zimesimama nyota mbili kali zinazoelekeza kwenye Salibu, Msalaba wa Kusini. Ile ya kushoto, ya kundi la Kantori, ndiyo jirani yetu wa karibu katika nyota zinazoonekana kwa macho: mwanga wake huchukua zaidi kidogo ya miaka minne kutufikia. Salibu ulikuwa kulia kwake, umeinama kuelekea magharibi. Mwalimu akatugeuza tutazame nyuma. Kaskazini magharibi, chini karibu na upeo, Dubu Mkubwa alikuwa anazama, kichwa kwanza, mkia ukibaki juu.

Kuna jambo hapo ambalo watu wa nchi zetu hatulijui kuhusu nafasi yetu wenyewe. Mtu wa Ulaya haoni Salibu maisha yake yote asiposafiri, na kwa mtu wa kusini kabisa mwa Australia sehemu kubwa ya Dubu Mkubwa haipandi juu ya upeo. Sisi tulio nyuzi tisa tu kusini mwa ikweta tunaona vyote viwili katika saa moja, na kwa mwaka mzima tunapata karibu anga lote la dunia isipokuwa kipande kidogo kuizunguka Nyota ya Kaskazini. Vituo vikubwa vya Chile, vilivyo kusini zaidi, havipati upana huo.

Mwalimu aliilenga darubini juu ya Salibu kidogo, upande wa kushoto, akanipa. Mahali ambapo kwa macho nilikuwa nikiona nyota moja yenye ukungu pakawa donge la mwanga hafifu, la mviringo, lenye kiini kilichojaa na kingo zinazoyeyuka gizani. Hiyo ni Omega Centauri, kundi la nyota zinazokadiriwa kufikia milioni kumi, zilizofungamana pamoja umbali wa takribani miaka 17,000 ya mwanga. Niliishika kwa muda mrefu hadi mikono ikaanza kutetemeka kwa baridi. Kifaa kile kinauzwa kwa bei ya simu ya kawaida ya mkononi. Nilifikiria ni vijana wangapi wa sekondari huku bondeni wanamiliki simu ya bei hiyo na hawajawahi kuambiwa kwamba kitu kama kile kipo.

Kadiri usiku ulivyokwenda, Nge alipanda. Moyo wake mwekundu ulifika karibu na utosi, mkia ukajikunja kusini mashariki, na kuelekea saa tano usiku Njia Nyeupe ilikuwa imepita katikati ya anga kutoka upeo hadi upeo. Nimeiona Njia Nyeupe tangu utotoni, ufukweni na mashambani, ila sikuwahi kuona kwamba ina mipasuko. Kule juu inaonekana wazi: mifereji ya giza inaikata kwa urefu, mawingu ya vumbi yanayoziba nyota zilizo nyuma yake. Upande wa mkia wa Nge inapanuka na kuvimba, kwa kuwa huko ndiko kilipo kitovu cha kundi letu la nyota, umbali wa takribani miaka 26,000 ya mwanga. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo ambayo kitovu hicho kinapita juu sana kwetu wakati watu hawajalala bado. Wapiga picha wa anga wa nchi za kaskazini wanakiona chini chini tu, karibu na paa za nyumba, kwa saa chache. Sisi kinatupita karibu na utosini.

Upande wa magharibi, hata hivyo, kulikuwa na weupe ambao haukuwa wa nyota. Ni taa za Jiji la Mbeya. Siulalamikii umeme. Nguzo za umeme vijijini zimebadilisha maisha ya watu wa Ipinda na Matema, zahanati inafanya kazi usiku, mashine ya kukoboa mpunga haingoji dizeli. Ila taa ya barabarani inayomwaga nusu ya mwanga wake mawinguni inapoteza umeme wa mlipa kodi na anga la watoto wake kwa pamoja. Kifuniko kinachoelekeza mwanga chini ni kitu rahisi, na wakati wa kukidai ni sasa, taa zinapofungwa, kabla mji haujakua na kuwa na maelfu ya nguzo zisizo na kifuniko.

Chini kwenye Ziwa Nyasa kuna taa za aina nyingine. Wavuvi wa usipa huingia ziwani na mwanga, zamani karabai, siku hizi taa za betri, samaki wakaufuata mwanga na nyavu zikawangoja. Inasimuliwa kwamba mvumbuzi Mskoti David Livingstone, aliyefika ziwa hili mwaka 1859, aliliita Ziwa la Nyota kwa sababu ya taa hizo. Wavuvi hao hawaendi kwa taa wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa samaki hawavutwi na taa ndogo anga lote likiwa na mwanga. Wanasubiri giza la mwezi. Na giza la mwezi ndilo hasa analolihitaji mtazama nyota. Yaani kalenda ambayo mwandaaji wa safari za nyota angeitafuta mtandaoni, mvuvi yeyote wa Matema anayo kichwani. Ukimuuliza usiku gani anaingia ziwani mwezi ujao, amekupa ratiba ya Kitulo.

Saa sita ilipopita sakitu ilianza kushika nyasi, na blanketi la juu likawa gumu kwa unyevu ulioganda. Tuliingia ndani kulala kidogo. Saa kumi na moja alfajiri mzee dereva ndiye aliyetuamsha, kwa kuwa yeye alikuwa ametoka nje kuwasha gari lipate joto.

"Mwalimu, njoo. Kile pale mashariki nakijua," alisema. "Kilimia."

"Ndicho chenyewe, mzee. Umekijulia wapi?"

"Kwa marehemu baba. Alikuwa akikitafuta kila mwaka akitoka ziwani alfajiri. Kikirudi, anasema mvua kubwa zimekwisha."

Mwalimu alimpa mzee darubini. Kwa macho Kilimia ni nyota sita, wenye macho makali wanahesabu saba au zaidi. Katika darubini ni kadhaa wa kadhaa, za rangi ya samawati, na mzee alihesabu kwa sauti akafika 20 akaacha. Baba yake alikuwa sahihi. Mwezi wa Mei, mvua za huku zinapoelekea ukingoni, Kilimia huzama magharibi pamoja na jua na kutoonekana kwa wiki kadhaa. Juni kinajitokeza upande wa pili, mashariki, kabla ya mapambazuko, na mvua zimekwisha kukatika. Wahenga wa pwani nao walikuwa na methali inayosema hivyohivyo, kwamba kikizama katika mvua kitazuka katika jua. Wakulima na mabaharia hawa walikuwa wameipima safari ya dunia kulizunguka jua, bila chombo, kwa kuamka mapema kila siku na kukumbuka walichokiona mwaka jana. Namwona mzee yule kama mwenye elimu ambayo hakuna shule iliyowahi kumwomba aje aieleze.

Kusini alfajiri ileile yalikuwepo mawingu mawili madogo yasiyosogea na upepo, moja juu kidogo na jingine chini karibu na upeo. Ni Mawingu ya Magellan, makundi ya nyota yaliyo nje ya kundi letu. Lile kubwa liko umbali wa takribani miaka 160,000 ya mwanga. Mwaka 1987 nyota moja humo ililipuka na ikaonekana kwa macho matupu. Waliouona mlipuko huo ni hasa watu wa upande wetu wa dunia, kwa kuwa walio mbali kaskazini hawalioni wingu hilo.

Ukanda huu wa kusini una historia yake na vitu vya angani, na inastahili kukumbukwa pamoja na Kitulo. Kule Mbozi, katika kijiji cha Ndolezi kwenye Kilima cha Marengi, kimelala kimondo cha chuma chenye urefu wa meta tatu hivi, kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani kati ya 12 na 16. Wenyeji walikijua tangu zamani. Dunia ya nje ilikijua mwaka 1930, baada ya mpima ardhi W. H. Nott kukifikia. Sehemu kubwa yake ni chuma, iliyobaki ni nikeli zaidi. Unaweza kukigusa kwa mkono, nacho ni baridi na laini kuliko unavyotarajia. Tarehe 1 Septemba 2016 ilikuwa zamu ya Rujewa, Mbarali. Kukaribia saa sita mchana mwezi ulipita mbele ya jua ukaacha pete ya moto kwa takribani dakika tatu, na umati wa watu, wakiwemo wanafunzi wengi, ulikuwa umekusanyika uwanjani na miwani maalumu. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amewaeleza Watanzania mambo ya anga, ni miongoni mwa waliowaandaa watu kwa siku ile.

Na pwani yetu ya Afrika Mashariki ilishatoa mchango ambao vitabu vya sayansi duniani vinautaja. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kupima miale ya eksrei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Nairobi leo Susan Murabana na wenzake wanazunguka na darubini shuleni, wakiipeleka kwa watoto ambao hawawezi kuifuata. Jirani anaweza, nasi tunaweza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne Tanzania anasoma mada ya elimu ya anga katika somo la Fizikia. Anajifunza makundi ya nyota, sayari, kupwa na kujaa, kwa ajili ya mtihani, na wengi huumaliza mtihani huo bila kuoneshwa hata kundi moja la nyota juu ya paa la bweni lao. Hili linaniuma. Somo lina maabara isiyohitaji asidi wala jengo, ipo kila usiku usio na mawingu, nasi tunaliacha ubaoni. Mwezi wa Zohali au pete zake si picha ya kitabuni tu. Darubini yenye kioo cha milimita 150 inazionesha pete wazi, na miezi minne mikubwa ya Mshtarii, ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, inaonekana hata kwa darubini ya macho mawili iliyoegemezwa kwenye nguzo ili isitikisike.

Kinachohitajika Kitulo kwa kuanzia ni sakafu ya saruji ya kusimamishia miguu ya darubini, kibanda cha kuifungia, darubini yenyewe, na askari wa hifadhi wawili au watatu waliofundishwa kuonesha anga kama wanavyofundishwa kuonesha okidi. Taa za nje za majengo ya hifadhi ziwe na vifuniko na zizimwe wageni wanapokuwa uwandani. Wenye nyumba za wageni Matamba waambiwe mapema kwamba mgeni wa nyota anarudi usiku wa manane na anataka uji wa moto. Shule za Kyela, Rungwe na Makete zipewe usiku wao kabla ya watalii, kwa ada ambayo mzazi anayeuza mpunga na kokoa anaimudu. Hifadhi inayoandika ratiba ya maua inaweza kuongeza ukurasa mmoja wa giza la mwezi kwa miezi minne ya kiangazi.

Mwalimu hakusubiri. Kabla hatujafika Isyonje wakati wa kushuka alikuwa ameshaandika kwenye daftari lake usiku wa giza la Julai ijayo, kwa ajili ya Kidato cha Nne. Barua ya kuomba kibali cha hifadhi anaiandika yeye. Amehesabu blanketi mbili kwa kila mwanafunzi, kofia ya sufu na chai ya kwenye chupa, na amemwomba mzee awe mgeni wa saa kumi na moja alfajiri, aje awaeleze vijana habari za Kilimia. Mzee amekubali. Kilichobaki ni basi la kuwapandisha, lenye dereva anayeijua njia na breki za kuaminika.